MJANE NA CHUPA ZA ALZASI: Anayemeza na Anayetema

Wiki nzima tumemwacha Naisula amesimama uani na glasi mkononi. Mkono umekufa ganzi, mvinyo umepata joto, na nyie mmeendelea na shughuli zenu kama hamumjui. Haya, leo anywe tujue moja.

"Kunywa!" Koikai akasema tena. "Au unaiogopa dawa uliyoitia mwenyewe?"

Naisula akamtazama shemeji yake. Akainua glasi, akameza kama mtu anavyomeza klorokwini, kichwa nyuma, macho mbele.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Wote wakanyoosha shingo kwa mpigo, kama kuku walioona mwewe. Mmoja akaivuta fimbo yake karibu, maana mtu akianguka hujui ataangukia nini.

Hakuanguka.

"Vipi?" akauliza Mzee Efraimu, mkubwa wa kikao.

"Sawa," akasema Naisula.

Wewe uliyedandia hadithi njiani, shika hili usipotee. Solomoni, mume wa Naisula, alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja kubwa ya watalii pale mjini Arusha. Ilipokuja ruksa ya biashara, watalii wakaja kwa mafungu, na wale wa Kifaransa hawakutaka kunywa kitu ambacho mhudumu hawezi kukitajia ukoo mpaka babu. Hoteli ikamtuma Solomoni Ufaransa, mkoa mmoja unaitwa Alzasi, akavune zabibu na kujifunza mvinyo. Akarudi na chupa za kijani zenye shingo ndefu kama twiga, akazipanga chini ya kitanda, akaanza kuongea usingizini.

Kabla ya Krismasi, akafa.

Jioni alifungua chupa moja, akakaa kibarazani. Asubuhi akakutwa kando ya mfereji wa maji, chini kidogo ya boma, hana jeraha. Naisula siku hiyo alilala Ngarenaro kwa rafiki yake Zamda, mvua ilikuwa imekata barabara. Hospitali walisema moyo ulisimama. Ukoo ukasema moyo wa kila maiti umesimama, tuambieni nani aliusimamisha.

Koikai, mdogo wa marehemu, ndiye aliyewapa jibu. Naisula alichoma vizibo vya zile chupa kwa sindano ya kuchanjia ng'ombe, akatia sumu, akajiendea zake mjini. Kama alitia moja, alitia zote. Basi achague: anywe mbele ya wazee, au afunge virago aondoke Olmotonyi, aliache boma, aliache na kaburi la mumewe pale kando ya migomba.

Naisula alichagua kunywa. Si kwa ushujaa, tusidanganyane. Toka mazishi hajatoa hata chozi moja. Chumvi haimkolei, baridi ya Meru haimpati, watu wakiongea anawasikia kama redio ya jirani. Ukimwambia mvua inakuja, sawa. Ukimwambia ng'ombe kafa, sawa. Ukimwambia umemuua mumeo, anakutazama kidogo, halafu sawa. Koikai alilishikilia hilo pia. Mwanamke asiyelia, alisema, kuna kitu amekifunika.

Kwa hiyo glasi imekwisha, na mtu mzima yupo wima.

"Sumu ya mwanamke haina haraka," Koikai akasema. "Tusubiri."

Wakasubiri. Chai ikaletwa. Kuku mmoja akapita, akadonoa tone lililomwagika, wazee wakahama kumtazama kuku. Kuku akaendelea na maisha yake.

"Lete hiyo chupa niisikie," Zamda akasema kutoka pembeni. Huyu Zamda ni mtoto wa Kondoa, ana mgahawa Ngarenaro, na alipanda mlimani na rafiki yake akiwa na buibui lake na mdomo wake. Akaisogeza chupa puani. "Yalaa! Waridi! Naisula, hiki kitu kinanukia marashi. Na halua. Na tangawizi, ile ya kukwangua. Jamani, hii ni pombe au ni chumba cha bi harusi?"

"Wewe si Mwislamu?" mzee mmoja akamkata jicho.

"Nimeharamishiwa kunywa, babu. Kunusa nimeachiwa."

Naisula akainusa glasi yake. Akasikia glasi, basi.

Bi harusi. Hata Solomoni aliiita hivyo hivyo. Jina lake la kwenye karatasi ni refu kama treni ya mizigo, gevustramina, ulimi wa Mwarusha unajikwaa hapo mara nyingi kabla haujafika. Kwa hiyo kila chupa aliipa jina la nyumbani. Hii yenye marashi akaiita Bi Harusi. Nyingine nene nene, taratibu, akaiita Mchungaji. Na ile isiyo na sukari wala utani, rislingi, akaiita Mwalimu, kwa sababu inachapa. Mwalimu ndiyo aliyoifungua jioni ile. Chupa yake tupu ilikutwa kibarazani.

"Haya," Mzee Efraimu akasema, "mama huyu hajafa. Kuku hajafa. Koikai, una lingine?"

Koikai akasimama. Kijana mrefu, shati jeupe la mtumba limepigwa pasi mpaka likanyooka kama bati.

"Basi alitia ile moja tu! Mimi nilimwona kaka kwa macho yangu. Nilikuwa napita nje ya uzio, nimetoka kurudisha ng'ombe. Yupo pale kibarazani peke yake. Anakunywa, anatema. Anakunywa, anatema. Anaiinua glasi kwenye mwanga, anaitikisa, anaitazama, anakunywa, anatema tena. Wazee wangu, mtu mzima, kinywaji chake, cha bure, anakitema? Huyo si mtu aliyelishwa kitu?"

Benchi likanung'unika. Hoja ilikuwa nzito. Kinywaji cha bure hakitemwi.

"Na wewe hukuingia kumwangalia?"

"Sikuingia, mzee. Nilidhani ni mambo yake ya Ulaya. Mimi mnanijua, ni mtu wa pombe ya asali. Waini haijawahi kugusa ulimi wangu mpaka leo."

Anakunywa, anatema.

Naisula alilisikia hilo kwa mbali, kama mtu anayeitwa akiwa ng'ambo ya mto. Halafu likasogea. Akamwona Solomoni jikoni kwake, ameshika kikombe cha chai kwa sababu mvinyo alikuwa anauonea huruma, anamfundisha. Usimeze, mke wangu. Kwanza zungusha. Nusa. Vuta kidogo, halafu vuta hewa juu yake kama unakunywa uji wa moto. Sasa tema. Mimi chai yangu nimeze, Naisula alimjibu siku hiyo, wewe tema ya kwako.

"Alikuwa haumwi," Naisula akasema.

Kila mtu akageuka. Zaidi ya "sawa", hawajamsikia tangu mazishi.

"Alikuwa anafanya kazi. Ndivyo wanavyoonja. Kule Alzasi unaonja mapipa tangu asubuhi. Ukimeza yote, kabla ya chai umelala chini ya pipa. Kwa hiyo unaweka mdomoni, unaisikia, unatema."

"Wanatemea wapi?" akauliza Mzee Efraimu.

"Wana ndoo."

"Ndoo?"

"Ndiyo, baba. Ndoo maalumu."

Hapa msomaji wa pwani nisaidie nikusaidie. Kwa Waarusha, mzee akijaza mdomo pombe ya asali akakupulizia kifuani, huo si uchafu. Hiyo ni baraka kubwa, hakuna inayoizidi. Watu wameoa kwa huo mpulizo, watu wamepona. Sasa hebu fikiria habari ya watu wazima, wenye mashamba yao, wanaojaza mdomo kitu kizuri halafu wanapuliza kwenye ndoo.

"Yaani wanabariki ndoo?" mzee mwenye fimbo akauliza.

"Ndiyo maana ndoo za Ulaya hazitoboki," akajibu mwenzake.

Mabenchi yakacheka mpaka yakalia. Koikai peke yake hakucheka.

"Tuonyeshe," Mzee Efraimu akasema.

Naisula akamimina. Akaishika glasi kwa mguu wake mwembamba, akazungusha, mvinyo ukapanda kuta ukateremka polepole. Akanusa. Akavuta, akavuta na hewa, ukatoka mlio wa uji ambao mama yake angempigia kofi. Akatema kwenye shina la mbuni.

Na hapo ndipo, pembeni mwa ulimi, nyuma kabisa, kitu kikamgusa. Kidogo tu. Joto la tangawizi, na uchungu mwembamba nyuma yake. Haikuwa raha. Ilikuwa kama mtu anabisha mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Akasimama vile vile, akingojea kama atabisha tena. Chini kule kwenye mahindi korongo weupe walikuwa wanatembea, mikono nyuma kama mabwana shamba. Solomoni alikuwa ameapa kwamba ni hao hao. Kule Alzasi, alisema, wanajenga viota juu ya mapaa ya nyumba, na kijiji kinawapenda kuliko mbwa. Kule kuna mlima unazuia mvua kama Meru, zabibu zimepandwa mteremkoni kama kahawa yetu, na kuna makanisa ya Kilutheri yenye wazee wanaosinzia kwenye mahubiri. Nilipowaona korongo wanaondoka, mke wangu, niliwapa salamu zako. Walikufikia?

Walifika, alimjibu. Hawakusema kitu.

"Lete hapa," Mzee Efraimu akanyoosha mkono.

Huyu ni mzee wa kanisa Jumapili, na siku zinazobaki ni mzee wa ukoo, na hajawahi kuona ugomvi kati ya hizo kazi mbili. Akazungusha glasi kwa nguvu za mtu anayekoroga dawa ya kuogeshea ng'ombe, nusu ikamwagikia koti. Akanusa. Akaonja.

Akafumba macho.

"Hii siyo ile ya Dodoma tunayopewa meza ya Bwana," akasema taratibu. "Ile inakukumbusha dhambi. Hii... humu nyuki wamepita."

Akaonja tena, safari hii kwa kufuata somo. Akajaza mdomo, mashavu yakavimba, akavuta hewa, ndevu zikatetemeka. Naisula alikuwa amesimama mbele yake kuipokea glasi.

Sasa mdomo wa Mzee Efraimu una miaka mingi ya kazi moja. Ukiujaza kitu chenye asali na ukauwekea mtu mbele, haumwulizi mwenyewe.

"Pfuuuuu!"

Mvinyo wa Alzasi ukamwenea Naisula kifuani, kitenge chote. Na mdomo, ukiwa umeshaanza, ukamalizia na maneno yake:

"Kaa hapa! Nenepa hapa! Zaa hapa! Boma hili likujue!"

"Naai!" wazee wote wakaitikia kwa sauti moja, kama wanavyoitikia baraka zote tangu walipoota meno.

Halafu wakatazamana.

"Mzee!" Koikai akaruka. "Mzee, hiyo ni pombe ya Wazungu!"

"Najua."

"Si ulikuwa unaonja!"

"Nilikuwa naonja." Mzee Efraimu akajifuta ndevu, na yeye mwenyewe kashangaa. "Mdomo umezoea, kijana."

"Basi ifute!"

"Nifute nini? Baraka ikishatoka hairudi mdomoni. Unataka nimlambe kitenge?"

Zamda akaachia kigelegele kilichowatoa korongo kule chini kwenye mahindi. Imekwisha! Mwanamke aliyebarikiwa na mkubwa wa ukoo, wazee wakaitikia, haondolewi bomani na mtu yeyote. Kesi imefutwa kwa mate. Naisula anabaki. Kaburi la mumewe linabaki na mtu wa kulipalilia.

"Umesikia, shoga?" Zamda akamtikisa bega. "Unabaki!"

"Sawa," akasema Naisula.

Ndugu msomaji, usiweke gazeti chini. Koikai alikuwa ameanza kutabasamu.

"Wazee wangu," akasema, sauti sasa laini kama samli, "mimi ni nani nipinge baraka? Nimekosea. Nimesikia kama mlivyosikia nyote. Mzee amesema kaa hapa. Amesema zaa hapa." Akaonyesha migomba kwa kidevu. "Azae na nani? Na yule aliyelala kando ya migomba?"

Wazee wakageuka kumtazama Naisula.

"Mjane akiambiwa zaa hapa, mbele ya mdogo wa mumewe, na wazee wakaitikia, kwetu hiyo njia ni moja. Au nimesahau mila?"

Hakuwa amesahau. Mzee mwenye fimbo akaikuna ardhi kwa fimbo yake. Mzee Efraimu akajishika mdomo. Mdomo ule ule umemponza.

Koikai akanyoosha kiganja. "Kaka ameniachia nyumba na mwenye nyumba. Nipe funguo, mke wangu."

Upepo ulikuwa unashuka kutoka Meru, migomba inapiga makofi. Naisula aliutazama ule mkono. Alijua anachotakiwa kujisikia. Hasira, labda. Alijitafuta ndani kote, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, hakukiona.

"Naisula," Zamda akamnong'oneza, meno yamekazana. "Sema kitu. Lakini usiseme sawa. Wallahi ukisema sawa nakuzaba kofi mbele ya ukoo wako."

Naisula hakusema sawa.

Aliutazama mkono wa Koikai akaukumbuka ulivyokuwa mdogo. Alipoolewa kwenye boma hili, mama wa hawa ndugu alikuwa ameshafariki, na huyu alikuwa kichwa kimejaa mapunye, kamasi mpaka kidevuni, haendi popote bila kushika kanga ya mtu. Yeye ndiye aliyemwogesha. Yeye ndiye aliyemkorogea loshoro, akampulizia ipoe, akamlisha. Alipokuwa anaugua surua, alilala mgongoni kwake.

Akaichukua chupa. Siyo glasi, chupa. Akapiga funda moja kubwa, mashavu yakajaa. Akazungusha, akavuta hewa juu yake.

"Anaonja tena," mzee mmoja akasema kwa heshima. "Ameshakuwa fundi."

Naisula akamsogelea Koikai hatua kwa hatua mpaka akasimama chini ya kidevu chake.

"Pfuuuuu!"

Shati jeupe lote, toka kola mpaka mkanda.

"Kua, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa bapa, haina joto wala baridi. "Upate mke wako. Upate ng'ombe wako. Uzeeke nikuone."

"Naai!" wazee wakaitikia.

Wameitikia tena kabla ya kufikiri! Na safari hii walipotazamana, Mzee Efraimu alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega. Kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka kikamtoa machozi, ikabidi apigwe mgongoni.

"Mama amembariki mwanawe!" akasema alipopata pumzi. "Nani hapa hajui aliyemlea Koikai? Na sisi mashahidi tumeitikia! Kijana, mila unazijua wewe kuliko sisi. Tuambie, mtu anaweza kumrithi mama yake?"

"Mzee, huo ni ujanja..."

"Tuambie!"

"Hawezi," Koikai akasema kwa sauti ya chini.

"Hawezi. Basi shusha mkono, hupewi funguo. Msalimie mama yako."

Zamda akamzunguka Koikai, akamnusa begani. "Unanukia, mtoto mzuri. Sasa tukutafutie mchumba kabla marashi hayajaisha."

Hapo kikao kilivunjika kwa namna vikao vya Olmotonyi vinavyovunjika, yaani hakuna aliyeondoka. Mzee Efraimu akauliza, kama mtu anayeulizia afya ya mgonjwa, kama kule chini ya kitanda kumebaki kitu.

Naisula akaingia ndani, akatoka na Mchungaji. Chupa ya kwanza Koikai aliifungua kihuni, kizibo kakisukumia ndani kwa msumari. Hii Naisula aliifungua mwenyewe, kwa kizibuo cha Solomoni kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akakizungusha, akakaza, kizibo kikatoka kwa pumzi ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Akajimiminia kidogo yeye kwanza.

"Na hao Wafaransa nao," Mzee Efraimu akauliza, "aliyefungua ndiye anayeonja kwanza?"

"Ndiyo, baba. Akishaonja yeye ndiyo wageni wanamiminiwa."

"Kumbe ni watu," akasema mzee, ameridhika.

Naisula akaonja. Moshi. Hilo alilisikia. Moshi wa mbali wa jikoni, na ndani yake embe lililoiva mpaka likachoka. Akangoja. Embe likaondoka, moshi ukabaki. Akameza, na akajikuta ameinua glasi tena bila mtu kumlazimisha. Halikuwa jambo kubwa. Lakini glasi ya pili hakuna mzee aliyemwamuru anywe.

Glasi ikazunguka benchi. Ubishi ukaanza. Mmoja akasema ni ndizi zilizofunikwa kuivishwa, mwenzake akasema ni asali ya nyuki wadogo wale wasiouma, wa tatu akafumba macho muda mrefu, akatangaza kwamba anasikia viatu vipya. Wakamcheka. Akaomba aonjeshwe tena, akashikilia msimamo. Viatu vipya, tena vya ngozi, bado vimo kwenye boksi.

"Huku ndiko kunywa," Mzee Efraimu akasema. "Pombe yetu unakunywa unamsema jirani. Hii unakunywa unaisema yenyewe." Akajaza glasi, akamwelekezea Koikai aliyekuwa ameinama mwisho wa benchi, shati limemgandia kifuani. "Mwana wa boma naye anywe. Kununa kumekwisha."

Koikai hakuwa na pa kukataa. Akaipokea. Mtu aliyeshindwa mara mbili jioni moja hana nguvu ya kuendelea kukunja uso. Akainywa polepole, mabega yakashuka, kwa mara ya kwanza leo akafanana na kaka yake.

"Hii afadhali," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Ile ilikuwa kali kama ndimu. Inakuuma mpaka kwenye taya."

Wazee hawakusikia. Walikuwa kwenye viatu.

Zamda alisikia. Kikombe chake cha chai kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikaishia hewani.

Na Naisula, aliyekuwa anammiminia mzee mwenye fimbo, mkono ukasimama.

Bi Harusi ilikuwa asali na waridi, kila mtu amesema, na Koikai hakuigusa. Mchungaji ni hii aliyoishika. Chupa ya Alzasi inayouma taya ni moja tu, isiyo na sukari wala utani. Ilifunguliwa siku moja, mahali pamoja, pale kibarazani, jioni ambayo Koikai alikuwa anapita zake nje ya uzio.

Upepo wa Meru ukapiga. Kitenge kilichoroa kikamgusa Naisula kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasikia baridi. Ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Akaiweka chupa chini, taratibu, isilie.

"Ile ipi, mwanangu?"